Neno Lililotoka Zizini

Nimefundisha Kiingereza katika shule za upili kwa miaka mingi, na kwa miaka hiyo yote kuna neno moja nimekuwa nikiliruka. Likitokea katika ufahamu, nawaambia wanafunzi waliangalie wenyewe kwenye kamusi, kisha nasogea aya inayofuata kama mtu anayeogopa kengele italia. Neno lenyewe ni vetting. Huku kwetu Garissa halihitaji kutafsiriwa. Hata bibi asiyejua kusoma analijua, ingawa analitamka "fetting". Lilikuwa ndilo jina la siku ile kijana anapoitwa mbele ya meza ya maafisa na wazee kuthibitisha kuwa yeye ni Mkenya, kabla ya kupewa kitambulisho ambacho mwenzake wa Nyeri au Kisii anakipata kwa kwenda tu ofisini. Juzijuzi redio ilitangaza kwamba vetting imeondolewa. Watu walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Dada yangu Dahabo alikwenda kuomba kitambulisho akiwa mwanamke wa makamo, ameegemea bega langu, wakamchukua alama za vidole bila kumuuliza ukoo. Kadi haikufika. Alikufa katika chumba cha nyuma cha nyumba yetu ya mtaa wa Waberi, chumba kilekile tulicholala tukiwa wasichana, na asubuhi yake nilishika birika la maji kumwosha. Yeye ndiye aliyekuwa akiosha maiti za wanawake wa mtaa wetu. Sisi tuliobaki tulisitasita, kila mmoja nusura amuulize yeye mwenyewe kinachofuata ni nini.

Chumba hicho hakijabadilika sana tangu mwaka ule tulipomaliza kidato cha nne. Bati la paa lilikuwa likilia mchana jua likipanda, na dirisha dogo lilitazama ua ambamo mbuzi wa baba walifungwa wakisubiri siku ya soko, kwa hiyo tuliamka na harufu yao na tukalala nayo. Kitanda kilikuwa kimoja. Dahabo alilala upande wa ukutani, na ukutani alikuwa amebandika ukurasa alioung'oa kwenye kitabu kikuukuu cha baiolojia, wenye picha ya moyo na mishipa yake, nyekundu na buluu. Alikuwa amepata nafasi katika chuo cha wauguzi ng'ambo ya mto Tana, na aliijua ile mishipa kwa majina yake yote. Mimi nilikuwa nimepata nafasi ya ualimu, na sikujua chochote isipokuwa kwamba nilitaka kuondoka. Ili kuondoka ilikuwa lazima kuvuka daraja, na baada ya daraja kulikuwa na kizuizi ambapo kila mtu hushuka kwenye basi na kuinua kitambulisho. Asiyekuwa nacho hurudi alikotoka, au huwekwa kando mpaka giza liingie, kutegemea hali ya yule anayemkagua. Ndiyo maana mwaka ule wote, chakula chochote tulichokula, mazungumzo yaliishia kwenye kitambulisho.

Dahabo hakuwa dada yangu wa kuzaliwa. Baba yake alikuwa utingo wa malori ya mifugo, mtu wa Rhamu, kule mto Daua unakopita kati yetu na Ethiopia. Aliugua akiwa safarini na mkewe, akafia nyumbani kwetu, na mkewe hakukaa muda akamfuata. Mimi nilikuwa bado nanyonya. Hooyo, ndivyo tunavyomwita mama, alimchukua Dahabo akampa ziwa moja na mimi akaniachia la pili, na tangu hapo mtu yeyote mtaani akiulizwa alisema kwa Abdi kuna wasichana wawili. Baba yangu anaitwa Abdi. Baba yake Dahabo naye aliitwa Abdi, jina ambalo ukilitamka kwa sauti pale sokoni Garissa watageuka wanaume chungu nzima. Mimi nilikuwa Shamsa Abdi, yeye Dahabo Abdi, na vyeti vyetu vya shule viliandikwa hivyo, majina mawili mawili, hakuna zaidi.

Kazi ya baba ilikuwa udalali wa mifugo. Watu wa mbali hudhani dalali ni mtu wa kupayuka bei tu. Kwetu dalali ni mdhamini. Mfugaji anakuja kutoka Ijara au porini zaidi, hajulikani na mtu, amefukuza wanyama wake kwa siku kadhaa. Mnunuzi anaogopa kununua mnyama wa wizi. Basi dalali anasimama kati yao, anauliza swali moja, huyu mnyama ni wa nani, na akiridhika anatoa mkono wake. Kesho mwenye mali wa kweli akijitokeza, anayeshikwa ni dalali. Nimemwona Aabo, ndivyo tunavyomwita baba, akimtazama ngamia na mwenye ngamia kwa muda mrefu, kimya, midomo imefumbwa, kisha ananyoosha mkono au anaurudisha mfukoni. Mkono wake ukirudi mfukoni, soko lote lilijua hapo hapana biashara. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na hakuwahi kutoa mkono kwa kitu asichokijua. Nyumbani tuliishi kwa heshima hiyo. Tuliila, tuliivaa, na sikufikiri hata siku moja kwamba ingeweza kutudhuru.

Mpangaji wetu alikuwa daktari wa mifugo wa serikali, Daktari Musyoka, mtu wa Ukambani aliyeletwa huku kikazi na kusahauliwa. Alikaa chumba cha mbele, akala nasi jioni, na watoto wa mtaa walimwita Fet, wakimaanisha vet. Alipenda anjera ya Hooyo, ile chapati laini ya Kisomali, mpaka akaacha kuomba ugali. Ni yeye aliyenipa asili ya neno lile. Tulikuwa tumekaa uani, sinia katikati, nikawaeleza tangazo lililobandikwa kwa chifu kwamba vetting ingefanyika wiki inayofuata, na Daktari akacheka peke yake. Alisema Waingereza walilitoa neno hilo kwenye kazi yake. Zamani mtu akitaka kumwingiza farasi mashindanoni alimpeleka kwanza kwa vet, amkague miguu, pumzi na meno, aseme kama anaweza kukimbia. Ikawa kumkagua farasi hivyo ni ku-vet. Baadaye wakaanza kukagua hivyo na maandishi, na watu. Hooyo aliuliza kama basi siku hiyo wasichana wake watafunguliwa midomo. Tulicheka sana, na Dahabo akafungua kinywa akamwonyesha Daktari magego, naye akamshika kidevu kwa uzito wa kikazi akatangaza kwamba huyu apite, huyu anafika Mombasa bila kupumzika. Hiyo ndiyo mara ya mwisho ninayokumbuka tukilicheka neno lile.

Siku yenyewe tulivaa hijabu zilizopigwa pasi tukapanga foleni kwenye uwanja wa chifu tangu alfajiri. Mezani alikaa D.O., yaani afisa wa tarafa, kijana wa bara mwenye macho mekundu kwa vumbi, maafisa wengine wawili, na wazee waliowakilisha koo za hapa. Mmoja wa wazee alikuwa Gedi, rafiki wa baba, ambaye tulikuwa tukimwita adeer, yaani baba mdogo, na ambaye Dahabo alikuwa amempelekea chai maisha yake yote. Mimi nilitaja jina langu, la baba, la babu, na kabla sijafika kwa babu wa babu mzee mmoja alishatikisa kichwa, huyu wetu. Nilimaliza kabla kalamu ya karani haijakauka. Kisha akaingia Dahabo. Kwetu mtoto hufundishwa ukoo wake kabla ya kufundishwa kuhesabu, na Aabo alikuwa amemfundisha wake, si wetu. Kila Ijumaa alimketisha akamrudisha nyuma jina kwa jina. Nilimsikia kupitia dirishani: Dahabo Abdi Warsame Guled, akaendelea, hakukwama popote. Wazee wakatazamana. Wote walimjua yeye. Hakuna aliyewajua wale aliowataja, na mzee wa vetting alikuwa na ruhusa ya kusema juu ya ukoo wake tu. D.O. aliuliza watu hao wako wapi. Dahabo akajibu kwamba wako Rhamu, au walikuwa. Akaambiwa arudi na mtu wa ukoo wake.

Aabo alimpeleka Rhamu kwa lori. Walikaa huko wiki nyingi kuliko tulivyotarajia, na waliporudi Dahabo alikuwa amekonda na hakutaka kueleza. Nilipata habari vipande vipande. Walimkuta ami yake, lakini ng'ambo ya Daua, upande wa Ethiopia, alikohamia na wanyama wakati wa ukame. Wazee wa Rhamu walisema aletwe ami athibitishe. Ami akakataa kuvuka, akiogopa kwamba akisimama mbele ya serikali ya Kenya kusema huyu ni wetu, wataambiwa wote ni wageni. Huenda hakukosea. Daktari aliposikia hayo aliweka kipande chake cha anjera chini. "Mimi mbuzi simuulizi babu yake," alisema. "Namwangalia kama ni mzima." Nimelifikiria neno hilo la Daktari mara nyingi kuliko somo lolote nililopewa chuoni. Kamusi zinasema veterinary inatokana na Kilatini, mnyama wa kubeba mzigo, na wengine wanadhani maana ya ndani kabisa ni mnyama aliyekwisha kukua, anayeweza sasa kupakiwa. Kwa hiyo swali lililo tumboni mwa neno hili ni je, huyu anaweza. Wale wa mezani hawakumuuliza Dahabo kama anaweza. Walimuuliza ni wa nani, na hilo halikuwa swali la Daktari. Lilikuwa swali la baba yangu.

Ikatangazwa vetting nyingine, na chuo kilikuwa kinakaribia kufunguliwa. Alasiri moja Gedi alikuja kumwona Aabo. Sisi tulikuwa jikoni tukipika nyirinyiri, nyama inayokaangwa kwa mafuta mpaka ikauke, na ukuta wa jikoni ulikuwa wa mabati, hivyo tulisikia kila kitu. Walizungumza Kisomali, nami maneno yao nayaweka hapa kwa Kiswahili kama ninavyoweza. Gedi alisema jambo ni jepesi. Cheti cha msichana kinasema Dahabo Abdi. Wewe ni Abdi. Nani atauliza ni Abdi yupi? Wewe sema ni wako, sisi wazee tutanyamaza, na yule kijana wa bara atagonga muhuri. Hooyo aliingilia kati, jambo ambalo hakuwa akilifanya mbele ya wageni, akasema Mungu anajua nia, akasema yeye ndiye aliyemlea na haoni uongo uko wapi. Dahabo aliacha kukoroga. Mafuta yalianza kutoa moshi na hakuna kati yetu aliyeiondoa sufuria.

"Dini imekataza kumwita mtoto kwa baba asiye wake," Aabo alisema hatimaye. "Hata hiyo ningeweza kumwachia Mungu anihukumu. Lakini Abdi Warsame alifia kwenye mkeka huu, ameshika mkono wangu. Aliniambia mtoto wake asipotee. Nikisema ni wangu, nimempoteza mimi."

Gedi alimwambia kwamba asiposema atampoteza pia. Nilijua bila kuona kwamba mkono wa Aabo umerudi mfukoni. Nilimchukia baba yangu alasiri ile. Nasema hivyo bila kupunguza. Nilimwona kama mtu aliyeipenda amana ya maiti kuliko msichana aliyekuwa jikoni kwake akimpikia. Dahabo aliinama akaipua sufuria, akachagua vipande vilivyoungua akaviweka kando kwa ajili yetu wawili, na vizuri akavipeleka sebuleni.

Kumbe Aabo hakuwa amelala. Siku chache baadaye alirudi kutoka msikitini uso umenawiri, akamwita Hooyo na sisi tukae. Alikuwa amemuuliza sheikh, na sheikh amemthibitishia jambo ambalo sote tulilijua ila hatukuwahi kulifikiria kama njia: mtoto aliyenyonya ziwa la mke wako ni mtoto wako. Hawezi kuolewa na wanao wa kiume, hajifuniki mbele yako, ni harimu yako mpaka mwisho wa dunia. Si mtoto wa damu, lakini ni mtoto, na baba huyu aliye hai anaweza kusimama akashuhudia. Hooyo alianza kulia na kucheka. Hapakuwa na uongo tena. Juma lile nyumba ilikuwa na furaha ninayoikumbuka kwa uchungu. Aabo alivaa koti lake la Idi kulijaribu, akamuuliza Dahabo kama linamkaa. Mara mbili nilimsikia uani akijifunza sentensi yake ya Kiswahili, lugha aliyoitumia kwa maafisa na wanunuzi wa bara tu. Dahabo alitoa begi chini ya kitanda akaanza kukunja nguo.

Tulikwenda sote wanne. Nilisimama dirishani pangu palepale. D.O. alimuuliza Aabo yeye ni nani kwa msichana huyu, na Aabo akavuta koti, akanyoosha mgongo.

"Huyu mtoto yangu ya masiwa," alisema. "Bibi yangu alimbatia masiwa. Sheikh najua. Yeye iko hapa, uliza."

"Maziwa?" D.O. alisema. "Maziwa ya nini, mzee? Ya ng'ombe?"

Maafisa walicheka. Hilo ningelisamehe, hawakujua. Lakini baadhi ya wazee nao walicheka, watu wanaojua vizuri kabisa undugu wa kunyonya ni kitu gani, walicheka kwa sababu mkubwa amecheka. Gedi alijaribu kueleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo lilivyozidi kuonekana jambo la ajabu, mama yangu mlangoni amejifunika uso huku wanaume wakijadili kifua chake. D.O. hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka na foleni ilikuwa ndefu. Aliinua mkono watu wanyamaze, akasema fomu yake haina mahali pa maziwa, ina mahali pa baba. Akauliza polepole, kama anayemsaidia, wewe ndiye baba yake mzazi, ndiyo au hapana.

Wazee waliinamisha macho, kama Gedi alivyoahidi. Hakuna ambaye angepinga. Dahabo alikuwa amesimama kati ya meza na baba, amemgeukia, na kutoka nilipokuwa niliuona uso wake wote. Hakuwa akiomba. Alikuwa akisubiri tu, kama tulivyokuwa tukisubiri utotoni atuonyeshe zawadi aliyotuletea kutoka safari. Aabo alimtazama kwa muda mrefu, midomo imefumbwa.

"Habana," alisema.

Nilivuka daraja peke yangu. Kwenye kizuizi tulishushwa, nikainua kadi yangu mpya, askari hata hakuisoma. Nikasoma, nikapangiwa shule, nikaolewa, nikarudi Garissa nikiwa mwalimu. Dahabo hakuvuka. Alijaribu vetting mara nyingine, na nyingine, kila mara kulikuwa na meza mpya na swali lilelile. Hakuolewa. Ile picha ya moyo ilikaa ukutani mpaka rangi zikaisha. Watu wa Waberi walimwita kufunga vidonda, kukaa na wenye homa, na mwishowe kuosha maiti, na bila kadi hakuna aliyeweza kumwajiri kwa lolote kati ya hayo. Hooyo alipokufa alimwosha yeye. Aabo alipoanza kupoteza kumbukumbu, aliyebaki kumnyoa, kumlisha uji na kumbadilisha nguo alikuwa Dahabo, kwa sababu sisi wengine tulikuwa na pa kwenda. Sikuwahi kumsikia akimlaumu. Nilimuuliza mara moja, akaniambia niache maneno nimshikie beseni. Figo zake zilipokufa na madaktari wakasema apelekwe Nairobi, nilimwambia tutakodi gari, tutaeleza kizuizini, ni mgonjwa, wataelewa.

"Abaayo, nimechoka kuelezewa," alisema, akiniita dada kwa Kisomali. "Sitaki kushushwa mbele ya watu mpira wa mkojo ukining'inia. Acha nifie hapa ninapojulikana."

Tulimzika kabla ya adhuhuri. Alasiri wanaume walikuja kuhani, wakakaa kwenye mikeka uani, mahali ambapo Daktari alimshika kidevu akasema apite. Aabo alikuwa amekalishwa kwenye kiti cha plastiki katikati yao, mzee sana sasa, mwepesi, macho yana ukungu. Gedi alikuwa kando yake na fimbo yake. Kila aliyeingia aliinama akasema samir iyo iimaan, kumtakia subira na imani, na Aabo aliitikia kwa adabu kama mwenyeji wa karamu asiyekumbuka karamu ni ya nini. Nilikuwa nikizungusha chai. Nilipomfikia alinishika mkono akaniuliza kwa Kisomali kuna nini, nani amekufa. Nikamwambia Dahabo.

"Dahabo wa nani?"

Mazungumzo yalikatika mkekani. Gedi alitazama ndani ya kikombe chake. Kwa miaka mingi nilikuwa nimetunga hotuba ya kumsomea baba yangu, na nilikuwa na kila sentensi yake. Niliweka birika chini.

"Wako, Aabo."

Alifikiri. Alifikiri kama alivyokuwa akifikiri sokoni, kimya, midomo imefumbwa, mpaka nikaogopa kwamba akili itamrudia. Kisha akaunyoosha mkono wake hewani, mbele yake, kama kuna mtu wa kuupokea.

"Ndiyo," alisema. "Wangu. Binti yangu Dahabo." Na akaanza kulia kama baba aliyefiwa.

Wazee walisema inna lillahi. Hakuna aliyemuuliza swali.